Fuata Mwavuli: Kwa Nini Mahekalu ya Wabuddha Hayafanani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, Dar es Salaam. Juzi tulitembelea hekalu la Wabuddha lililojengwa na watu wa Sri Lanka hapa hapa mjini. Nilitarajia kuona mnara wa ghorofa nyingi wenye vipaa vilivyopinda, kama wa kwenye sinema za Kichina, sikuuona. Mwenzangu aliyeishi Thailand anasema huko minara ni ya dhahabu na imekaa kama kengele. Dini ni moja, mbona majengo hayana hata sura ya undugu? Na lipi hasa ndilo la asili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Undugu upo, ila umeutafuta kwenye paa, na paa lilichelewa sana kufika katika habari hii. Siku nyingine inua macho hadi kileleni kabisa, pale ambapo jengo limekwisha na kimebaki kijiti kimechomoza angani. Kiwe cha Japani, cha Burma au cha Sri Lanka, mara nyingi utakuta kimevishwa pete au visahani, kikubwa chini na kidogo juu. Hiyo ni miavuli. Ukishajua mwavuli unatafuta nini juu ya jengo la ibada, mengine yatajipanga. Nitaufuata kutoka India hadi Japani, na nikikawia njiani kwenye viungo vya mbao univumilie. Useremala ndio ulionileta kwenye fani hii.

Nianze na swali lako la mwisho. La asili si hekalu. Ni kaburi.

Buddha alipofariki kule Kushinagar, kaskazini mwa India, mwili wake ulichomwa moto, na mapokeo yanasema mabaki yaligawanywa mafungu manane. Kila fungu lilifukiwa chini ya tuta la udongo. Tuta hilo ndilo stupa. Halikuwa na mlango, halikuwa na dirisha, halikuwa na ndani. Lilikuwa kitu cha kuzungukwa kwa miguu, mkono wa kulia ukilielekea. Katika karne ya 3 KK, Ashoka, mfalme wa dola ya Maurya, anasemekana aliyafukua mafungu saba kati ya hayo na kuyagawa upya katika stupa 84,000. Namba hiyo ni ya sifa kuliko ya hesabu, lakini ni kweli kwamba kuanzia enzi zake stupa zilienea India nzima.

Iliyo bora kuisoma leo ni Stupa Kuu ya Sanchi, India ya kati. Kiini chake ni tuta la matofali la enzi ya Ashoka, ambalo karne moja hivi baadaye lilifunikwa kwa mawe likawa kubwa maradufu. Kipenyo chake ni kama mita 36, kimo mita 16 na ushei. Juu yake pamesawazishwa, pakawekwa ua mdogo wa mraba, katikati ya ua ukasimikwa mlingoti wa mawe, na mlingoti ukabeba miavuli mitatu. Katika India ya kale mwavuli ulikuwa alama ya ufalme. Sisi wa pwani jambo hili halitushangazi: Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498 walimkuta mtawala ameketi chini ya mwavuli mwekundu wa kitambaa cha thamani. Kusimika mwavuli juu ya kaburi ni kutangaza kwamba aliyelala hapa ni mfalme. Na huyu alikuwa mwana wa mtawala aliyeuacha ufalme kwa hiari yake, wakamvalisha tena alipokuwa majivu.

Hapo Sanchi tazama pia uzio wa mawe unaozunguka tuta. Vipande vya kulala vimeingizwa kwenye matundu ya nguzo kwa ndimi, sawasawa na seremala anavyounga fremu ya mlango. Jiwe halihitaji kiungo cha namna hiyo. Waashi walikuwa wakinakili uzio wa mbao waliouzoea. Kwenye lango la kusini kuna maandishi yanayosema sehemu yake ilichongwa na mafundi wa pembe za ndovu wa mji wa jirani, Vidisha, na ukikaribia utaamini, maana jiwe limechongwa vidogo vidogo kama kidani.

Jambo la pili lililozaa majengo ni mvua. Watawa wa mwanzo walikuwa watu wa kutembea, lakini miezi mitatu ya mvua walitakiwa kutulia mahali pamoja. Kutulia huko kukazaa makazi, yaani vihara: ukumbi au ua wa mraba na vyumba vidogo pande zake. Kisha watu wakataka kulizunguka tuta bila kunyeshewa, wakaliingiza ndani ya ukumbi mrefu wenye safu mbili za nguzo, tuta likiwa mwisho kabisa kwenye nusu duara. Kumbi za mbao zimeoza zote. Zilizobaki ni zile zilizochimbwa ndani ya miamba ya magharibi mwa India, kama Bhaja, Ajanta na Karle.

Kama ningeruhusiwa kuwapeleka wanafunzi wangu jengo moja tu, ningewapeleka Karle. Ukumbi una urefu wa kama mita 38, umechimbwa mlimani yapata miaka 2,000 iliyopita, na dari lake la mwamba limevikwa mbavu za mbao halisi. Mbavu hizo hazibebi kitu. Mlima unajibeba wenyewe. Ziliwekwa kwa sababu ukumbi bila mbavu haukuonekana kuwa ukumbi. Msanifu akishaelewa kwa nini fundi alijisumbua hivyo, ataielewa nusu ya historia ya majengo duniani.

Mpaka hapo hakuna sanamu ya Buddha. Wachongaji wa Sanchi walipotaka kumwonyesha walichonga nyayo, kiti kitupu, gurudumu au mti. Sanamu yenye umbo la mtu ilishamiri katika karne za kwanza BK, huko Mathura, kaskazini mwa India, na huko Gandhara, pande za Peshawar ya Pakistan ya leo, ambako mafundi walikuwa wamegusana na Wagiriki na wakawa wanachonga nguzo zenye majani ya Kikorintho kando ya Buddha. Sanamu, tofauti na tuta, inataka nyumba. Tangu hapo kila nchi imekuwa na mashauri ya kukata: kati ya tuta na sanamu, nani akae katikati? Ongeza na swali la fundi, yaani hapa kuna mbao, matofali au jiwe, na tofauti zote ulizoziona zitaanza kupata maelezo.

Sri Lanka ilibaki karibu zaidi na tuta la asili. Huko huitwa dagoba, neno linalotokana na maneno ya kale yenye maana ya mahali pa kuhifadhia masalia. Walichofanya ni kulikuza. Jetavanarama ya Anuradhapura, iliyoanzishwa na mfalme Mahasena mwishoni mwa karne ya 3, inakadiriwa ilifika mita 122 ilipokamilika, matofali yanayokadiriwa kuwa milioni 93. Duniani kote wakati huo ni piramidi mbili tu za Giza zilizoizidi urefu. Leo imebaki kama mita 71, na bado ukisimama chini yake shingo inauma. Miavuli huko imebanana mpaka ikawa koni moja yenye mikunjo, na asiyejua hudhani ni pambo tu.

Hekalu mliloliona Dar es Salaam ni la tawi hili. Lilianzishwa takriban karne moja iliyopita na Wasinhala, kabila kubwa la Sri Lanka, na utaratibu wa hekalu la Kisinhala una vitu vitatu: dagoba, nyumba ya sanamu, na mti wa Bodhi, mti wa jamii ya mikuyu ambao Buddha aliketi chini yake alipopata mwanga. Katika desturi hiyo mti ni sehemu ya jengo: hujengewa ukuta na jukwaa, na watu huuzunguka kama wanavyolizunguka tuta. Wa hapo Dar umetokana na mche wa Sri Lanka. Wenzako walioupita wakidhani ni kivuli cha kuegeshea magari, waambie warudi.

Burma iliazima umbo la tuta ikalinyoosha likawa kengele, ikalipaka dhahabu, na mwavuli ikaufanya taji la chuma lenye vikengele, linaloitwa hti. Shwedagon ya Yangon, yenye kama mita 99, ndiyo mashuhuri. Mimi lakini navutiwa zaidi na Bagan, ambako kati ya karne ya 11 na ya 13 wafalme na matajiri walishindana kujenga, na bado yamesimama zaidi ya majengo 2,000 kwenye uwanda mmoja. Mengine ni matuta yaliyojaa. Mengine yana ndani, vichochoro na vyumba vya sanamu, tuta likiwa limepandishwa juu ya paa. Hapo tuta na sanamu walipatana: mmoja akae chini, mwingine akae juu. Mafundi wa Bagan walijua kujenga tao la kweli kwa matofali, jambo ambalo mafundi wengi wa India wakati huo hawakulijali.

Thailand nitaipita haraka, si kwa dharau. Kengele za dhahabu alizokusimulia mwenzako ni chedi, yaani stupa ileile. Minara yao mingine iliyonona kama gunzi la mhindi, kama ule wa Wat Arun jijini Bangkok, ilirithiwa kutoka kwa Wakhmer wa Kambodia.

Borobudur, kisiwani Java, haifanani na yoyote. Ilijengwa karibu mwaka 800, na haina ndani. Ni kilima kilichovikwa mawe: ngazi za mraba chini, tatu za duara juu, stupa 72 zilizotobolewa kama tenga, na kila moja sanamu imeketi ndani. Mtu hupanda akizunguka, akisoma kuta zenye mabamba 2,672 ya michongo. Kwenye baadhi ya mabamba kuna vyombo vya bahari vyenye mirengu kandoni, kama ngalawa zetu. Mwaka 2003 chombo kilichoundwa kwa kufuata michongo hiyo kiliondoka Indonesia, kikapita Madagaska na kuizunguka Afrika hadi Ghana. Ngalawa inadhaniwa kuletwa na mabaharia wa upande huo wa bahari, kwa hiyo ukiona michongo hiyo usiione kama ya watu wa mbali sana.

Sasa China, ambako swali lako lilitoka. Kwanza, neno pagoda si la Kichina. Lilifika Ulaya kupitia kwa Wareno, walewale waliotuachia meza na leso. Wachina husema *ta*, na *ta* ni kipande cha neno la Kihindi la stupa lililokatwakatwa na ndimi za Kichina. Jina lenyewe linakwambia kitu hicho ni nini.

Ubuddha ulipoingia China, karne ya 1 BK, Wachina tayari walikuwa na minara ya mbao ya ghorofa kadhaa kwa ajili ya ulinzi na fahari. Tunaijua kwa vijumba vya udongo vilivyozikwa makaburini pamoja na wenyewe. Kwao kitu kitukufu ni kirefu, si cha mviringo. Wakauchukua mnara wao, wakaweka stupa ndogo juu kabisa, miavuli na yote, na masalia wakayazika chini ya msingi. Tuta lilipanda kileleni likawa pambo, mnara ukawa mwili wake. Ndiyo maana nimekwambia utazame juu: katika pagoda, stupa ya Sanchi ni ile sehemu ndogo ya mwisho.

Kwamba bado ni kaburi, ushahidi ulipatikana mwaka 1987. Pagoda ya hekalu la Famen, magharibi mwa Xi'an, ilikuwa imeporomoka upande mmoja mwaka 1981. Walipokuwa wakitengeneza msingi wakakuta chumba kilichofungwa tangu mwaka 874, kimejaa vyombo vya dhahabu, fedha, hariri na bilauri, na katikati yake vijisanduku vilivyowekwa kimoja ndani ya kingine, vyenye masalia yanayoaminiwa kuwa ya kidole cha Buddha.

Pagoda za mwanzo za mbao zimeungua karibu zote. Ya Yongning, jijini Luoyang, ilijengwa mwaka 516 ikawa gumzo la dunia, na mwaka 534 ikawa majivu. Ndiyo maana kongwe iliyobaki, ya Songyue ya mwaka 523, ni ya matofali, ina pande 12 na kimo cha kama mita 40. Ya mbao iliyo ndefu na kongwe kuliko zote China ni ya Yingxian, mkoa wa Shanxi: mwaka 1056, mita 67, na imepita katika matetemeko mengi ikiwa imesimama.

Siri yake ni kiungo kinachoitwa *dougong*. Juu ya kila nguzo huwekwa kigogo kifupi, juu ya kigogo vibao viwili vinavyopishana kama mikono iliyokunjuliwa, juu ya vibao vigogo vingine, na kila ngazi husogea nje kidogo kuliko ya chini yake. Vyote vimekalishwa kwa matundu na ndimi. Uzito wa paa hushuka kupitia mikono hiyo, na ardhi ikitikisika viungo huteleza kidogo na kurudi. Yingxian ina aina 54 za mikono hiyo. Katika ukumbi wa Foguang, wa mwaka 857, inabeba upenu unaotoka karibu mita 4 nje ya nguzo ili mvua isiguse ukuta wa udongo na miguu ya nguzo; ni kazi ileile ya upenu wa nyumba ya makuti, ila kwa vigae vizito. Ukumbi huo uligunduliwa na wasomi mwaka 1937, Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin walipoufikia kwa nyumbu. Lin ndiye aliyesoma, chini ya boriti iliyofunikwa na vumbi la karne, jina la mwanamke aliyeufadhili.

Na vipaa vilivyopinda? Utasikia vimepindwa ili kuwatelezesha mashetani. Jibu la seremala ni jepesi zaidi. Kenchi zetu ni pembetatu, na pembetatu hulazimisha mteremko ulionyooka. Mchina alipanga boriti juu ya boriti, kila moja fupi kuliko ya chini yake, na paa likakaa kwenye ncha zao. Ukiamua kimo cha kila ncha unavyotaka, paa litapinda unavyotaka. Mkunjo huo hauna uhusiano wowote na Ubuddha: ikulu zilikuwa nao, na matajiri pia. Mahekalu mengi yalianza kama majumba ya watu yaliyotolewa sadaka, ndiyo sababu hekalu la Kichina limepangwa kama jumba, ua nyuma ya ua, uso kusini. Ulichokitafuta Dar es Salaam, kwa hiyo, kilikuwa nyumba ya kabaila wa Kichina.

Korea ina jiwe gumu la matale kila upande, ikajenga pagoda za mawe zinazoiga mbao. Pagoda ya Mireuksa, ya mwaka 639, ina hadi pembe za nguzo zilizochongwa kwenye mawe. Kumbuka uzio wa Sanchi. Fundi ni yuleyule.

Kutoka Korea, mafundi wa ufalme wa Baekje waliipeleka kazi hii Japani mwishoni mwa karne ya 6. Huko ugomvi wa tuta na sanamu unaonekana kwenye ramani waziwazi. Asuka-dera, hekalu la kwanza kubwa, pagoda ilikaa katikati na kumbi tatu za sanamu zikaizunguka. Shitenno-ji, pagoda iko mbele na ukumbi nyuma yake. Horyu-ji, vinakaa ubavu kwa ubavu. Yakushi-ji, pagoda zimekuwa mbili, zinaupamba ukumbi kama masikio. Ukifika Todai-ji, karne ya 8, zimetolewa nje ya ua kabisa, na katikati amekaa Buddha wa shaba ndani ya ukumbi mkubwa kupita kiasi. Kwa muda wa miaka 150 hivi kaburi lilihamishwa kutoka katikati hadi nje ya mlango. Sijui mfano mwingine ambapo mabadiliko ya imani yanaweza kupimwa kwa futi kamba namna hii.

Pagoda ya Horyu-ji, karibu na Nara, ni miongoni mwa majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosimama duniani. Ina vipaa vitano, mita 32 hivi, na katikati imepitwa na nguzo moja kutoka chini hadi juu. Mti wake, kwa kusoma pete za ndani ya gogo, ulikatwa mwaka 594. Mwanafunzi yeyote atasema nguzo hiyo inabeba jengo. Haibebi. Kila ghorofa imekalia nyenzake kama sinia zilizopangwa, na nguzo inapita katikati bila kuzishika. Chini yake yalizikwa masalia. Juu yake kuna pete tisa za shaba. Kazi ya nguzo yote hiyo ni kuishika miavuli juu ya kaburi, kama mlingoti wa Sanchi. Wahandisi wa siku hizi wanaamini kutoshikana huko huisaidia pagoda kuyumba bila kuanguka wakati wa tetemeko, na mnara wa Skytree wa Tokyo, wenye mita 634, una nguzo ya zege katikati iliyopewa jina hilohilo la kale la nguzo ya pagoda, *shinbashira*.

Limebaki tawi la milimani. Tibet ina mvua chache na miti haba, kwa hiyo mapaa ni bapa, kuta ni za mawe au udongo na zinalala ndani kadiri zinavyopanda, na chini ya ukingo kuna mkanda wa fito zilizofungwa pamoja na kupakwa rangi ya damu ya mzee. Nepal ndiyo iliyotoa Araniko, fundi aliyefika katika dola ya Kublai Khan, Mmongolia aliyeitawala China, na kujenga stupa nyeupe ya Beijing kati ya 1271 na 1279. Ina kama mita 51, umbo la chupa, na juu yake mwavuli mkubwa wa shaba uliozungushiwa vikengele. Kwa hiyo hata jijini Beijing unaweza kuona stupa isiyo na kipaa hata kimoja.

Mkirudi hapo Dar, ombeni ruhusa, vueni viatu, mwanze na mti. Zungukeni mkono wenu wa kulia ukiuelekea. Chukueni vipimo vya jukwaa lake na umbali wake hadi kwenye nyumba ya sanamu, mchore ramani ya kiwanja kabla ya kuchora jengo lolote, kisha nitumieni nione nini mmekiweka katikati ya karatasi.